Injini Ilipozimika Juu ya Bahari: Habari ya Bibi Beryl Markham, 1936

Siku moja katika darasa letu la walimu, nilipokuwa nikifundisha habari za safari za angani, mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, motokaa ikizimika njiani dereva hushuka akaitengeneza. Merikebu ikizimika, huelea. Lakini ndege ikizimika huko juu, rubani hufanyaje?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lina akili kuliko majibu mengi niliyopata kuyasikia darasani. Jioni hii basi, wasikilizaji wangu, nataka kulijibu kwa habari ya kweli ya mtu aliyekulia katika nchi ya Kenya, ambaye injini yake ilizimika mara ya kwanza usiku juu ya bahari kuu, na mara ya pili mchana alipokuwa amekwisha kuiona nchi kavu.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. Wengi hudhani kwamba ndege iliyozimika injini huanguka papo hapo, kama nazi iliyokatika mnazini. Sivyo. Mtazameni mwewe juu ya kijiji: hukunjua mbawa zake asizipige, naye hushuka polepole akizunguka, na vifaranga wana nafasi ya kukimbia. Ndege hubebwa na mbawa zake, wala si na injini. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele ili hewa ipite kwa nguvu juu na chini ya mbawa hizo. Injini ikinyamaza, rubani hana budi kuupata mwendo ule kwa njia nyingine, nayo ni kushuka. Huinamisha pua ya ndege, kama mtu ateremkaye mlima kwa baiskeli bila kukanyaga. Ndege ndogo za namna tutakayoitaja huweza kwenda mbele kadiri ya futi 8 kwa kila futi 1 ishukayo. Basi rubani aliye futi 5,000 juu ya nchi ana maili 7 na zaidi za kuchagua mahali pa kutua, kama mahali papo.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Mtu aonapo ardhi inamjia mbio, mkono wake wenyewe hutaka kuinua pua ya ndege ili aikwepe. Akifanya hivyo mwendo hupotea, mbawa hazishiki hewa tena, na sasa ndege huanguka kweli kweli. Rubani hufundishwa kutenda kinyume cha hofu yake: aielekeze ndege chini, kule kule anakokuogopa. Ni jambo jepesi kulisema hapa nimekaa kitini.

Tangu zamani za mwanzo mambo haya yalijulikana. Tarehe 19 Julai mwaka 1909 Mfaransa mmoja, Hubert Latham, alijaribu kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege yake iitwayo Antoinette. Injini ikamzimikia njiani. Akaishusha ndege taratibu, akatua juu ya maji, na merikebu iliyomfuata ilipomfikia ilimkuta ameketi juu ya ndege yake inayoelea, anavuta sigareti. Siku sita baadaye mwenzake, Louis Blériot, akavuka salama, akajipatia sifa yote. Latham alikuwa na bahati: ilikuwa mchana, bahari imetulia, na merikebu ilikuwa karibu. Yule nitakayemweleza hakuwa na hata moja la hayo matatu.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Alipokuwa na miaka kama minne baba yake, Bwana Clutterbuck, alimleta Afrika ya Mashariki, akafanya shamba Njoro. Mama yake hakukaa, alirudi kwao. Mtoto akakua pamoja na watoto wa Kinandi na Kipsigis, akasema lugha yao na Kiswahili, akacheza michezo yao, akafuatana na watu wazima mwituni katika kuwinda. Mmoja wa rafiki zake wa utoto aliitwa Kibii. Alipokwisha kuwa mtu mzima akaitwa arap Ruta, akafanya kazi pamoja naye miaka mingi, kwanza katika farasi, kisha katika ndege. Mengi tunayoyajua juu ya arap Ruta tumeyapata katika kitabu cha Bibi Markham. Nasikitika kwamba hatuna kitabu cha arap Ruta juu ya Bibi Markham.

Ukame ulipomfilisi baba yake, akaenda zake Peru, binti alibaki, akaanza kuwafundisha farasi wa mashindano akiwa bado msichana wa miaka kama 18. Kazi hiyo alikuja kuirudia uzeeni. Lakini mwaka 1929 ilianzishwa Nairobi kampuni ya ndege ya Wilson Airways, mwenyewe akiwa mwanamke, Bibi Florence Wilson, na rubani wake mkubwa alikuwa Tom Campbell Black. Huyu ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Mwaka 1933 akapata hati ya kumruhusu kuchukua abiria na mizigo kwa malipo, akawa anapeleka barua, dawa na watu, na kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo. Kazi hii ya mwisho mimi siisifu, lakini ilimlipa vizuri.

Katika siku zile rubani wa Afrika ya Mashariki aliruka juu ya nchi isiyo na viwanja wala simu. Akilazimika kutua, ilimpasa kungoja mpaka rafiki zake wamkose, waanze kumtafuta. Mwaka 1931 Mjerumani mashuhuri, Ernst Udet, alilazimika kutua katika nyika za Sudani alipokuwa akirudi Ulaya kutoka huku kwetu; Campbell Black ndiye aliyemwona kutoka angani na kumwokoa. Bibi Markham naye asimulia jinsi alivyomtafuta rubani mmoja aliyepotea Serengeti, akamkuta hai. Si wote waliopatikana hai. Tarehe 14 Mei mwaka 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji aliyejulikana sana, aliondoka Voi kwa ndege yake ndogo, na mara baada ya kuruka ikaanguka ikawaka moto. Alizikwa katika vilima vya Ngong, na habari zake zimeandikwa katika vitabu vingi. Pamoja naye alikufa mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Juu ya Kamau vitabu vile vina mstari mmoja, au havina.

Sasa twende katika safari yenyewe. Mwaka 1936 watu walikuwa wamekwisha kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege mara nyingi. Charles Lindbergh alivuka peke yake mwaka 1927, na Amelia Earhart, mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake, mwaka 1932. Lakini hao walitoka Marekani ya Kaskazini kuja Ulaya, upepo ukiwasukuma mgongoni. Pepo za bahari ile hutoka magharibi. Atokaye Ulaya kwenda Marekani huzipokea usoni njia nzima, mwendo hupungua, na petroli huisha kabla ya maili kwisha. Wajuao kusafiri kwa jahazi kinyume cha kaskazi watanielewa upesi. Jim Mollison alikwisha kuvuka hivyo peke yake mwaka 1932, ila yeye alianzia Ireland. Kutoka Uingereza yenyewe hadi Marekani ya Kaskazini, bila kutua na bila mwenzi, hapakuwa na mtu aliyefaulu, mume wala mke.

Ndege haikuwa mali ya Bibi Markham. Ilikuwa ya Bwana John Carberry, mlowezi mwenye shamba upande wa Nyeri, ambaye mkewe Maia alikufa mwaka 1928 katika ajali ya ndege Nairobi, yeye na mwanafunzi aliyekuwa akimfundisha kuruka. Wengine wangaliapa wasiitazame ndege tena. Yeye aliagiza mpya, ya namna iitwayo Percival Vega Gull, iliyoundwa Gravesend huko Uingereza kwa mbao na kitambaa, ikapewa jina la The Messenger, maana yake Mjumbe. Alimruhusu Bibi Markham aitumie kwa sharti airudishe mapema, kwa kuwa yeye aliitaka kwa mashindano ya kutoka Portsmouth mpaka Johannesburg mwisho wa Septemba.

Injini yake ilikuwa moja tu, ya nguvu za farasi 200. Ndege za namna ile zilikuwa na viti vya watu wanne. Katika hii nafasi ya abiria ilijazwa matangi ya petroli, na yote pamoja yalichukua galani zaidi ya 250. Hapakuwa na redio. Kila tangi lilikuwa na bilula yake, lakini hapakuwa na kipimo cha kuonyesha ni petroli kiasi gani imebaki ndani. Shauri lilikuwa hili: ulinywee tangi moja mpaka likauke kabisa na injini ikohoe, ndipo ufungue bilula ya tangi la pili. Ukilifungua mapema, hujui umetumia kiasi gani. Nimesoma maneno haya mara nyingi, na kila mara napata baridi: mpango mzima wa safari ulikuwa kwamba injini izimike, kisha iwake.

Alisubiri siku nyingi hali ya hewa itengenee, nayo haikutengenea. Ijumaa tarehe 4 Septemba mwaka 1936, karibu saa moja jioni, aliondoka katika kiwanja cha Abingdon, penye pepo na mvua, akiwa na miaka 33. Akapita juu ya Ireland usiku umeingia, akaiacha taa ya mwisho ya pwani, na mbele yake palikuwa na giza na maji tu.

Saa nne na kitu, kwa maelezo yake mwenyewe, injini ilikohoa ikanyamaza. Alikuwa kadiri ya futi 2,000 tu juu ya maji. Pigeni hesabu ninyi mlio na kalamu: futi 2,000 mara 8 ni maili 3, na hakuna nchi kavu karibu. Aliijua sababu, tangi la kwanza limekwisha; lakini kuijua sababu hakuwashi injini. Ilimpasa kuipata bilula katika giza, kuifungua, na kungoja petroli ipite katika bomba ifike kwenye kabureta, huku ndege ikishuka. Na katika muda huo wote ilimpasa kuielekeza pua chini, kwenye bahari asiyoiona. Mshale wa kipimo cha kimo ukazunguka kurudi nyuma mpaka karibu futi 300. Ndipo injini iliponguruma tena. Angaliinua pua kwa hofu, ndege ingaliyumba na kuanguka kabla petroli haijafika, na sisi tungalisema kwamba alipotea, basi.

Hapa yanipasa kutoa angalizo, kwa kuwa hii ni historia. Usiku ule hapakuwa na shahidi ila yeye. Kitabu alichosimulia habari hii kilitolewa mwaka 1942, miaka sita baadaye, na baadhi ya watu husema kwamba mumewe wa baadaye, aliyekuwa mwandishi, alikuwa na mkono katika kukiandika. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi naona hivi: maneno huenda yalipambwa, lakini safari haikupambwa, kwa sababu aliondoka Abingdon watu wakimwona, na alipofika ng'ambo, ndege ilikuwa matopeni na damu usoni mwake.

Usiku uliobaki ulikuwa wa ukungu, mvua na baridi, tena bila mwezi wala nyota za kumwongoza, naye alifuata dira na saa. Asubuhi akaiona nchi, miamba ya Newfoundland ikitoka katika ukungu. Akaelekea kisiwa cha Cape Breton, akikusudia kutua Sydney, mji wenye kiwanja, ajaze petroli na kuendelea New York. Alikuwa katika tangi la mwisho, na kwa hesabu yake lilikuwa na petroli ya kutosha. Hapo injini ikaanza kukohoa.

Safari hii hapakuwa na bilula nyingine iliyobakiza kitu. Akawa anafunga na kufungua zile zile, mpaka vidole vikatoka damu; injini ikawa inashika, inaacha, inashika, inaacha. Kila iliposhika alipanda kidogo, kila ilipoacha alishuka. Ufuko ulikuwa mbele, nyuma yake mawe makubwa, na baada ya mawe mahali palipoonekana kama uwanda wa majani. Injini ikazima kabisa. Akazungusha ndege kuyakwepa mawe, magurudumu yakagusa, na ule uwanda haukuwa uwanda bali kinamasi. Magurudumu yakazama, ndege ikasimama kwa pua, mkia juu, naye akagonga kichwa kwenye kioo akapasuka paji la uso. Mahali pale paitwa Baleine. Wavuvi wa hapo walimwona mwanamke anatoka matopeni, amejaa tope na damu. Alikuwa amekaa angani zaidi ya saa 20.

Je, petroli ilikwisha? Haikwisha. Sababu iliyotolewa baadaye ilikuwa ndogo hata mtu huona haya kuitaja mbele ya injini ya farasi 200. Mnunuapo debe la mafuta ya taa, mwenye duka hutoboa tundu ngapi? Hutoboa mbili. Akitoboa moja tu, mafuta hutoka kidogo, husita, hugugumia, kisha hukoma kabisa ijapokuwa debe limejaa, kwa kuwa mafuta hayawezi kutoka ila hewa iingie mahali pake. Kadhalika dafu: lenye tundu moja halimiminiki vizuri. Tangi la ndege nalo lina tundu lake la kuingizia hewa. Katika baridi ya usiku ule barafu iliganda penye tundu hilo la tangi la mwisho, hewa ikakosa njia, na petroli ikagugumia kama mafuta katika debe lenye tundu moja. Injini ilikuwa nzima, tangi lilikuwa na petroli, na rubani hakukosea hesabu. Baada ya bahari nzima, kilichomwangusha kilikuwa barafu isiyojaza kifuniko cha chupa.

Nilipowaeleza wanafunzi hayo, yule aliyeuliza swali hakuridhika kwa maneno. Alileta kopo la maziwa, akatoboa tundu moja, akalijaza maji, akaligeuza mbele ya darasa. Maji yalitoka matone, yakakoma. Akatoboa la pili upande wa juu, maji yakamwagika juu ya viatu vyangu.

Bibi Markham alipelekwa New York kwa ndege nyingine, akapokewa kwa vifijo. Magazeti ya London yalijaza kurasa kwa habari za nguo zake, uzuri wake na jamaa zake wakubwa, na mambo ya tangi na bilula yakapata nafasi chache. Yeye mwenyewe, yasemekana, alijiona ameshindwa, kwa kuwa aliahidi New York akafika matopeni. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kuvuka peke yake, bila kutua, kutoka Uingereza hadi Marekani ya Kaskazini, kinyume cha upepo.

Furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba, siku 14 tu baada ya kinamasi kile, mwalimu wake Tom Campbell Black alikuwa ardhini katika kiwanja cha Speke, Liverpool, ndani ya ndege yake mpya aliyoiandaa kwa mashindano yale ya Johannesburg. Ndege nyingine ya jeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga, akafa. Mtu aliyewatafuta wengine katika nyika za Sudani aliuawa kiwanjani, watu wakitazama. Mashindano yalifanyika pasipo yeye na pasipo Mjumbe wa Bwana Carberry. Waliondoka 9, akafika mmoja tu, C. W. A. Scott pamoja na mwenzake Giles Guthrie, nao walitumia Vega Gull, ndugu wa ile iliyozama. Ndege mojawapo ilianguka Abercorn, katika Rhodesia ya Kaskazini ya siku zile, wakafa watu 2.

Bibi Markham alikaa Marekani miaka kadha, kisha akarudi Kenya, akawashika tena farasi wake, na farasi wake wakashinda mara nyingi katika mashindano makubwa ya nchi. Kitabu chake kilisahauliwa kabisa mpaka kilipochapwa upya mwaka 1983, alipokuwa mzee anayeishi Nairobi bila mali nyingi; ndipo vijana ambao hawakuwahi kusikia jina lake wakaanza kuja kumwuliza habari za usiku ule. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti mwaka 1986, umebaki mwezi mmoja na siku moja kutimia miaka 50 tangu alipoondoka Abingdon katika mvua.